Supape za Kifuani

Mume wangu alikuwa fundi wa mota hapa Buyenzi. Mwaka ambao mtoto wetu alipiga simu kutoka Bulaya, akasema huko kuna madaktari wanaoweza kumtia baba yake vidude vidogo ndani ya mapafu ili apumue, mzee alikuwa hawezi tena kuvaa suruali bila kupumzika katikati. Anaingiza mguu mmoja, anakaa. Anaingiza wa pili, anakaa. Mkanda nilikuwa namfunga mimi.

Naanza na suruali kwa sababu watu wakisikia ugonjwa wa mapafu wanafikiri ni kukohoa tu. Kukohoa alikohoa miaka na miaka, hata majirani walijua garaji imefunguliwa kwa kusikia kikohozi chake. Kilichotushinda si kikohozi. Ni pumzi. Mtu amekaa kwenye kiti, hajagusa kazi yoyote, na mabega yanapanda na kushuka kama ametoka kusukuma lori.

Alivuta sigara tangu ujana. Nilimwambia mpaka nikachoka kumwambia, na alipoacha hakuacha kwa sababu yangu. Aliacha siku sigara yenyewe ilipomshinda kuimaliza. Na garaji nayo ilifanya kazi yake: moshi wa magari, vumbi la breki, rangi wanayopuliza kwenye milango ya gari. Hakuna fundi Buyenzi aliyekuwa akifunika pua siku zile. Angeifunika wangemcheka mpaka aifunue.

Basi simu ilipokuja, neno lililobaki nyumbani lilikuwa moja: aende au asiende. Ukipika unalipika, ukifua unalifua.

Lazima niseme na habari ya vita, maana bila vita ningekuwa na mawazo mengine. Tulikwisha kukimbia mara moja, miaka ya nyuma. Siku ile yeye alibeba godoro kichwani na mama yake mgongoni, tukavuka mpaka wa Kongo tukafika Uvira, na jioni bado alikuwa na nguvu ya kwenda kutafuta kuni. Sasa miaka ilikuwa mingine. Redioni walikuwa wanazungumza amani kila siku, na kule milimani juu ya mji bunduki kubwa zilikuwa bado zinajibizana. Zikianza kulia, watu wa avenyu yetu walikuwa wanatoka nje, kila mtu na kifurushi chake, wanasikiliza zinakaribia au zinakwenda. Yeye alikuwa anakaa. Anafunga macho, anashika kingo za kiti. Mimi nasimama mlangoni na kifurushi mkononi, natazama barabara, namtazama yeye. Hazikutufikia. Lakini nilikuwa najua kwamba siku zikitufikia siwezi kumbeba, na kumwacha siwezi.

Kwa hiyo mi nilikuwa upande wa Bulaya. Nasema wazi.

Simu yenyewe tuliipokea kwa jirani mwenye duka la piyesi za magari, maana yeye alikuwa na simu ya mkononi. Tulikaa katikati ya mikanda ya feni na machujio ya mafuta, mtoto anasema kwa sauti kubwa, duka zima linasikia.

"Mama, hawapasui. Hakuna kisu. Wanapitisha mpira mwembamba kinywani, unashuka mpaka kwenye mapafu, wanaacha pale vidude vidogo vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe. Ni kama supape za mota."

"Wanamlaza?"

"Wanamlaza kidogo."

"Na akiamka?"

"Anapumua vizuri zaidi. Si wote, lakini..."

"Si wote ni kusema nini?"

"Mama, ni kitu kipya. Bado wanakijaribu. Kuna daktari hapa nimezungumza naye, anakubali kumtazama baba."

"Wanakijaribu kwa nani?"

"Kwa wagonjwa kama yeye."

"Wazungu?"

"Wazungu, mama."

"Basi wameanza kwao wenyewe. Hiyo afadhali."

Habari ya nauli na hospitali alisema iko juu yake na wenzake, tusiifikirie. Sikuifikiria.

Kosa la mtoto lilikuwa kutaja supape ndani ya duka la piyesi. Kabla ya alasiri mtaa mzima wa magaraji ulikuwa unajua. Rafiki wa mume wangu, aliyefungua naye garaji wakiwa vijana, alikuja nyumbani na supape ya Toyota, ameiosha kwa petroli na kuifunga kwenye kitambaa. Akaiweka mkekani mbele yangu.

"Mama, tazama. Hii ndiyo wanataka kumutia."

"Hiyo itapita kinywani?"

"Ya kwake itakuwa ndogo. Lakini kazi ni moja. Supape zikichoka, mota haivuti. Unatia mupya, inavuta. Mzee atapanda mlima wa Gihosha kwa mguu!"

Mume wangu aliichukua, akaizungusha kwenye vidole. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na wakati ule kusema kulikuwa kunamgharimu, ikabidi afikiri zaidi.

"Na reglaji... nani atafanya... huku?"

"Mi hapa! Unipe kifua na bisibisi, nitakaza na kulegeza."

Mzee alicheka mpaka midomo ikageuka rangi ya majivu. Nikamfukuza yule rafiki pamoja na supape yake. Aliporudi kesho yake nilimkaribisha chai, lakini siku ile nilimfukuza.

Sisi sote tulikuwa na kosa moja, mafundi na wasio mafundi. Tulifikiri hewa haiingii. Akishikwa na kifua, huyu anafungua dirisha, yule anampepea na kifuniko cha katoni, mimi nimesimama mbele yake napiga kelele: "Vuta! Vuta, Baba watoto, vuta!" Naye anavuta, maskini, anavuta mpaka macho yanatoka.

Daktari ndiye aliyetugeuza. Alikuwa daktari wa mapafu, mtu wa makamo, anapokea wagonjwa Gihosha, kwenye nyumba iliyo mlimani. Tulikwenda na teksi. Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari aliinama dirishani, akamwona mzee anavyohema, akarudi nyuma hatua moja na kushika bunduki vizuri.

"Huyu amekimbia kutoka wapi?"

"Afande," nikamwambia, "huyu hajakimbia siku nyingi. Angekuwa na pumzi ya kukimbia nisingemlipia teksi."

Alimtazama miguu, viatu safi havina matope. Akatupitisha.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na mgongoni, akampulizisha kwenye kibomba, akainua picha kwenye mwanga. Alisema jina la ugonjwa kwa Kifaransa, anfizemu, kisha akaliacha jina pembeni akasema na sisi Kiswahili.

"Hewa inaingia, mama. Haitoki."

"Haitoki vipi?"

"Pafu la mtu asiye mgonjwa ni kama mpira mpya. Unavuta, linajaa. Unaacha, linarudi lenyewe. La mzee limelegea. Likijaa halirudi. Ile hewa ya zamani inabaki ndani, inajaza kifua, inaibana ile sehemu nzuri iliyobaki. Anavuta mpya, aiweke wapi? Hakuna nafasi."

Nilimtazama mume wangu. Miezi yote ile nilikuwa namlazimisha kumimina maji kwenye mtungi uliojaa.

"Na supape za Bulaya?"

"Hizo zinafunga njia ya kwenda kwenye sehemu iliyoharibika zaidi. Hewa mpya haiingii pale, ya zamani inaruhusiwa kutoka. Ile sehemu inasinyaa. Sehemu nzuri inapata nafasi ya kufanya kazi."

Mzee akainua kichwa.

"Munafunga... silinda."

"Ndiyo, mzee. Wanafunga moja ili zingine zivute."

Namjua. Kwake yeye, silinda inafungwa kwenye gari unayotaka ifike nyumbani tu, si kwenye gari uliyoitengeneza.

Daktari aliendelea, na hakuficha. Kidude kinaweza kusogea, au mtu akakikohoa. Makohozi yanaweza kukusanyika, ikaja homa. Na lililo baya zaidi, pafu likibadilika ghafla linaweza kutoboka, hewa ikavujia nje yake, wakamtia mpira katikati ya mbavu, akalala hospitali mpaka pazibe. Kuna waliokufa. Kuna waliopanda ngazi za nyumba zao baada ya miaka ya kushindwa. Ile njia ya zamani, ya kupasua kifua na kukata sehemu mbovu, alisema kwamba, kwa nguvu alizobaki nazo, mzee hawezi hata kuitaja kwa mdomo.

"Na kuna neno lingine," akasema. "Kati ya sehemu na sehemu za pafu kuna ukuta. Ukiwa mzima, supape inafanya kazi. Ukiwa na tundu, hewa inazunguka inaingia kwa nyuma, na ile sehemu inajaa tena kama kwanza. Hapo supape ni bure."

"Hiyo ni nyumba yetu," nikamwambia.

Akasubiri nieleze. Nyumba zetu za Buyenzi, nyingi, chumba na chumba viko chini ya bati moja, na ukuta wa katikati haufiki juu. Upande wa pili alikuwa amepanga mwanamke kutoka Kongo, mkimbizi, anauza dagaa. Nikiwasha makaa nimefunga mlango wangu vizuri, anayekohoa ni yeye. Anapiga ukuta: "Mama! Mi siko samaki!"

Daktari alicheka, lakini akasema ndivyo hivyo hasa.

"Na ukuta wa mzee unafika juu?"

"Sijui. Picha hii haionyeshi. Wana mashine nyingine ya picha, huko anakokwenda. Watampiga picha kwanza, ndipo wajue."

"Ni kusema atapanda ndege mpaka Bulaya kwenda kuuliza kama ukuta unafika juu."

"Ndiyo, mama. Na ndani ya ndege atahitaji oksijeni, maana juu kule hewa ni nyepesi."

"Na akibaki?"

"Akibaki haponi. Ugonjwa huu hauponi. Atakuwa na dawa ya kuvuta, na nitamfundisha kutoa pumzi." Akabana midomo, akapuliza polepole, kama mtu anayepoza chai. "Hivi. Usimwambie vuta. Mwambie toa. Na atembee kila siku. Hata kama anakwenda, atembee kwanza. Mtu wa kukaa kitini tu hawamkubali."

"We unasema aende au abaki?"

"Mi simtumi, na simshiki."

"Hilo si jibu, Dokta."

"Ni jibu, mama. Ila halikupendezi."

Halikunipendeza. Lakini toka siku ile nilimheshimu.

Kutoa pumzi mzee alijifunza upesi. Kutembea alikataa.

"Mutu mzima... anatoka... anarudi... alikuwa anaenda wapi?"

Na alikuwa na haki. Buyenzi watu wote wanatembea, lakini kila mtu ana anakokwenda: msikitini, garaji, sokoni, msibani. Mwanamume akipanda avenyu mikono mitupu na kushuka mikono mitupu, wa kwanza atauliza amepoteza nini, wa pili atauliza anamtazama mke wa nani. Nikamwambia aende msikitini. Akasema msikiti ni mbali. Nikamwambia aende dukani. Akasema dukani hana haja. Siku zikapita hivyo, mimi nagomba, yeye anapoza chai isiyokuwapo.

Ijumaa moja akaniambia amepata pa kwenda.

"Nitaomba... radhi."

Kwetu mtu akienda safari ya mbali anazunguka kwa majirani na jamaa kuomba msamaha. Labda aliwahi kumsema mtu, labda alimdhulumu bila kujua; asiondoke na kitu cha mtu shingoni. Na hutumi mjumbe. Unakwenda mwenyewe, unasimama mlangoni pa mwenzako.

"Hujaamua kwenda," nikamwambia. "Unaaga nini?"

"Nikiamua... nitakuwa na siku ngapi? Nyumba zote hizi... kwa kifua hiki? Naanza sasa."

Nilitaka atembee, na sasa anatembea. Nikatafuta kigoda. Kila siku baada ya alasiri tukawa tunatoka, yeye mbele na kofia yake, mimi nyuma na kigoda. Anakwenda kidogo, nakiweka chini, anakaa, anapuliza, tunaendelea. Siku ya kwanza tulifika nyumba ya jirani tu. Maneno ya kuomba radhi ni marefu, yana mpangilio wake. Yeye aliyapunguza mpaka yakabaki mawili: "Nisamehe. Nasafiri."

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwanamke mzee anayepika chapati barazani. Alipomsikia aliacha chapati kwenye moto.

"Unasafiri! Mashallah! Kumbe ndio mwaka wako!"

Mzee akafungua mdomo. Kumweleza yule mama habari ya Bulaya, na mapafu, na supape, na kwamba bado hajaamua, kungehitaji pumzi ya siku nzima. Alikuwa nayo ya neno moja.

"Inshallah," akasema.

"Basi uniletee zamzam, ndugu yangu, hata kachupa kadogo. Na ukisimama pale mbele ya Kaaba uniombee goti hili la kushoto. La kulia lina nafuu."

"Inshallah."

Tulipofika kona nikaweka kigoda chini kwa nguvu.

"Umemwambia mke wa watu unaenda Makka!"

"Sikumwambia."

"Umesema Inshallah. Mara mbili."

"Ni... fupi."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa mtu wa hija bila kutoka Buyenzi. Mtu akiomba radhi kwetu na kusema anasafiri, wengi hawaulizi wapi. Wakamjia na maombi yao: tasbihi, mswala, dua ya mtoto asiyeolewa. Anaitikia Inshallah, anapuliza. Watu waliokuwa wakimpita kwenye kiti chake kama unavyopitwa mzigo, sasa wanasimama wanampa mkono kwa adabu. Hata yule mpangaji wetu wa dagaa aliniita kwa juu ya ukuta.

"Mama, mi ni Mukristo. Lakini ile maji inakataa watu?"

Nikaona imetosha. Siku iliyofuata nikasimama barazani kwa mama wa chapati, na wateja wake wapo, nikasema: "Huyu haendi Makka. Kama atakwenda, atakwenda Bulaya wamtie supape kwenye mapafu. Na hilo lenyewe hajaliamua."

Chapati inaungua.

"Basi zamzam..."

"Hakuna."

"Na goti?"

"Liombee mwenyewe."

Mzee hakukasirika. Alisema nimemwokoa na mizigo. Lakini nikaona kitu kingine kimekuja, na hicho hakikuwa cha kuchekesha. Mtu aliyekwisha kuagana na nusu ya mtaa, akibaki atasema nini? Wakawa wanamwuliza kila siku, kwa wema tu: "Mzee, bado uko?" Nilimwona anavyoinamisha kichwa. Akaanza kusema viza, akaanza kusema koti la baridi. Mi nilitaka aende, sikatai, lakini sikutaka aende kwa sababu ya aibu ya kuaga.

Na kifua? Kifua hakikupona, nisidanganye mtu. Ila miguu ilijifunza. Kutoka nyumba moja tulifika tatu, kutoka avenyu yetu tukavuka ya pili. Alikuwa amejua aanze kupuliza kabla hajachoka, si baada. Kigoda nilikuwa nakibeba, lakini nilikuwa nakiweka chini mara chache.

Mwisho tulifika garaji. Alikuwa amewaweka mafundi wenzake mwisho kwa makusudi, maana ndio walikuwa mbali na ndio alikuwa na mengi nao. Wakatoka chini ya magari, wakafuta mikono. Akasimama.

"Nisameheni. Nasafiri... labda."

"Labda?" akasema yule rafiki yake wa supape. "Mzee, radhi ya labda hatuna."

Hapo nikaingia mimi, nikamwambia yule rafiki sababu yangu ya kutaka mzee aende. Nikamwambia siku zile bunduki zinapolia, mimi mlangoni, yeye kitini. Nikamwambia siwezi kumbeba.

Alinitazama kama nimesema kitu cha ajabu.

"Mama, kumbe ni hiyo? Ngorofani si iko hapa!"

Akaonyesha ule mkokoteni wao wa chuma, wenye magurudumu ya gari, wanaobebea mota kutoka garaji hadi garaji.

"Mota ya lori tunabeba. Itakuwa huyu? Huyu ni mufupa na kofia. Siku wakipiga, sisi tunakuja, tunamutia humu, tunaenda."

"Maneno," nikasema. "Siku ile kila mtu atakumbuka mke wake na godoro lake. Mtieni sasa."

"Sasa?"

"Sasa hivi, nione."

"Mi si... mzigo!" akasema mzee.

"Siku ile utakuwa. Panda."

Walimnyanyua wawili, wakamkalisha juu ya gunia, wakakimbia naye mpaka msikiti wa kona na kurudi, chuma zinapiga kelele, watu wanatoka madukani kutazama. Kofia ikaruka, nikaiokota. Waliporudi nikawaambia hapana, warudie, na safari hii watie na gurudumu la gari, maana nitakuwa na kifurushi na godoro, siendi mikono mitupu. Wakarudia. Safari ya pili walisimama mbele yangu wanahema, wameinama, mikono kwenye magoti, jasho linadondoka. Mzee alikuwa amekaa juu kama bwana harusi, kanzu ina mafuta, pumzi yake ya kawaida.

"Leo," akawaambia, "munapumua... kama mimi."

Rafiki yake akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema bila kucheka kwamba zamu watapangana wenyewe, na kwamba nikisikia milio ya kwanza nisimwite mtu, nifungue mlango tu.

Mkokoteni si amani. Najua. Lakini sababu yangu kubwa ya Bulaya ilikuwa pale pale, na walikuwa wameisukuma mpaka msikitini na kurudi.

Baada ya magharibi tulikaa barazani kwetu. Nikamwambia: "Sasa nitoe mimi kwenye hesabu. Itoe vita. Watoe wote uliowaaga, wakikuuliza nitawajibu mimi. We unataka nini?"

Alipuliza kwanza. Alipuliza mara nyingi. Sikumharakisha.

"Ikifaulu," akasema, "ni nzuri sana. Ningerudi garaji. Siidharau."

"Basi?"

"Lakini nikienda... wakaniambia ukuta haufiki juu... nitarudi na nini? Wakitia... ikatoboka ile sehemu nzuri... nitalala huko. Nyinyi mutalia... kwenye simu."

"Hapa pia utalala siku moja."

"Hapa nitalala... hapa." Akapumzika. "Hewa niliyo nayo ni kidogo. Nimeanza kuijua. Sitaki kuibeba yote... niipeleke kwenye ndege... niimalize kwa kuuliza swali."

"Mi ningeenda," nikamwambia.

"Najua. We una kifua... cha kwenda."

Sikukubaliana naye usiku ule, na hata leo sijui kama nakubaliana naye. Ugonjwa ulikuwa wa kwake.

Jumapili mtoto alipiga simu kwenye duka la piyesi. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza mimi, lakini mzee alinyoosha mkono akaichukua.

"Mwanangu. Nimesikia... yote. Nimekwenda kwa daktari. Siendi."

Mtoto akaanza kusema mbio, kwamba amekwisha kupanga kila kitu, kwamba daktari amekubali, kwamba kule si kama anavyofikiri. Mzee alikuwa hana nafasi ya kuingiza neno. Nikasema kwa nguvu karibu na simu: "Mwache apulize!" Akanyamaza. Tukasubiri sote, mimi, na mtoto kule Bulaya, na mwenye duka aliyejifanya anafuta mikanda ya feni.

"Si hasira," akasema mzee. "Si kwamba... sitaki kitu chako. Na si woga." Akafikiri. "Woga kidogo."

"Baba, utakufa."

"Ndiyo," akasema.

Nilitaka aongeze neno la kumtuliza mtoto. Hakuongeza. Nikasikia mtoto analia, sauti ya mtu mzima anayelia mahali pa kazi, anajizuia. Mzee hakuitoa simu sikioni. Alikaa nayo, anapuliza polepole, na mtoto anamsikia anavyopuliza, mpaka kule kulia kukapungua. Ndipo akanipa.

"Mama, na wewe umekubali?"

"Sikukubali. Nimemsikia. Na wewe umemsikia. Sasa tafuta ile dawa yake ya kuvuta, hapa leo iko, kesho haiko. Jina atakupa daktari wa Gihosha. Na ununue viatu."

"Viatu?"

"Vya kutembea. Vyepesi, visivyo na kamba, maana akiinama anakatika pumzi. Hizi kandambili zimekwisha."

"Anavaa namba ngapi?"

Nikamwuliza mzee. Alikuwa bado anapuliza. Akainua mguu, na mwenye duka akainama akasoma chini ya kandambili: arobaini na mbili.